Tamthilia inasomeshwa kwa kunakili ubaoni, mgeni rasmi akija ndiyo watoto waigize!

Nimechoka kunyamaza. Mtoto wa dada yangu anakaa kwangu hapa Wete, yuko kidato cha 3. Juzi nimefunua daftari lake la Kiswahili nikakuta kurasa na kurasa za tamthilia: dhamira, migogoro, ujumbe, wahusika na tabia zao, vichwa vya habari vimepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Kitabu chenyewe kiko wapi? Hana. Darasa zima hawana. Kipo kimoja, cha mwalimu, na wao wanapewa uchambuzi tu wanakili.

Nikaazima kitabu kwa jirani, nikampa asome ukurasa mmoja. Wallahi nilitaka kulia. Kasoma jina la mhusika, kasoma maneno yake, kasoma na maelekezo ya jukwaani yaliyomo kwenye mabano, yote kwa sauti ile ile moja kama mtu anayeita mahudhurio. "Anainuka kwa hasira" kaisoma kuwa ni maneno ya mhusika. Hajui kwamba hapo mtu anatakiwa ainuke! Na huyu kwenye mtihani wa tamthilia anapata alama nzuri.

Simlaumu mtoto. Tamthilia imeandikwa ichezwe. Kijana akisimama mbele ya wenzake, akabanwa amjibu mtu aliyemkasirikia, mgogoro anaujua bila kuukariri. Hakuna anayedai jukwaa wala mataa. Madawati yasogezwe ukutani, vipindi viwili vinatosha.

Kilichonichoma zaidi ni hiki. Wanafunzi wale walimwomba mwalimu mkuu wacheze onyesho moja tu la kitabu wanachosoma. Wakaambiwa waache upuuzi, wakasome sayansi. Haya. Haukupita muda kukawa na ugeni, wakaitwa wale wale: tengenezeni igizo la madawa ya kulevya, kesho kutwa liwe tayari! Wakaigiza juani, bila kipaza sauti, waliokaa nyuma hawakusikia neno. Wakubwa wakapiga makofi, picha zikapigwa, basi. Siku ile haukuwa upuuzi?

Na asije mtu kuniambia mambo haya si yetu. Enzi za Siti binti Saad wana taarab wa Unguja walikuwa wakicheza natiki, vile viigizo vifupi vya kuchekesha, watu wakicheka na kusemwa humo humo. Farouk Topan na Said Ahmed Mohamed ni wana wa Zanzibar, na wote wawili wameandika tamthilia. Kwenye mtihani wa taifa wa kidato cha nne lipo somo zima la sanaa za maonyesho. Kwenye skuli hii hata kutajwa halitajwi.

Muhula ujao nakwenda na wazazi wenzangu. Tunataka vitabu, hata kimoja kwa watoto watatu, na onyesho moja lichezwe darasani kabla ya uchambuzi kuandikwa ubaoni. Walimu wa Kiswahili mliomo humu, hasa nini kinakuzuieni?