Mjadala: Viunzi na glavu za ngumi vina kazi gani maktabani?

Mwenye mada

Ndugu zangu, tangu likizo ya Mei mji wetu huku mashariki mwa Uganda umegawanyika. Maktaba ya umma imeanza kualika wanamichezo kila Jumamosi mchana: wiki moja mkimbiaji mstaafu, nyingine bondia, nyingine mchezaji wa mweso, ule mchezo wa kete na mashimo unaofanana na bao, na ubao wake. Wanazungumza, wanaonyesha, watoto wanajaribu. Wapo wanaoshangilia, na wapo waliokwenda mpaka kwa diwani kulalamika kwamba maktaba imegeuzwa uwanja. Nawauliza: maktaba ina haki ya kufanya hivyo, au michezo ibaki viwanjani?

Mimi naunga mkono. Nisikilizeni kwanza.

Jumamosi ya kwanza nilikuwepo. Mgeni alikuwa mzee mmoja aliyekimbia katika timu ya polisi ujanani mwake. Akaanza kwa kuuliza nani anamjua John Akii-Bua. Watoto walikuwa kama arobaini. Ikanyooshwa mikono miwili. Hao hao ukiwauliza kikosi cha Arsenal wanakitaja mpaka wa benchi, maana vibanda vya kuonyesha mpira viko kila kona. Mzee hakuwalaumu. Aliomba futikamba, akapima meza ya kusomea: sentimita 75. Akasema kiunzi, kile kizuizi anachoruka mkimbiaji, katika mbio za mita 400 kwa wanaume kina sentimita 91 na kidogo. Mtoto mmoja akakimbilia rafu, akarudi amekumbatia juzuu tatu za ensaiklopidia, akazipanga juu ya meza mpaka futikamba ikasoma 91. Mkutubi alisimama, nikajua atafoka. Hakufoka, alikuja kushikilia zile juzuu zisianguke. Watoto wakapanga foleni kando ya meza, kila mmoja anajipima: wengi kiunzi kiliwafika kifuani.

"Viko kumi," mzee akasema, "na kutoka kimoja hadi kingine ni mita 35. Chumba hiki hakitoshi hata nafasi moja." Tukatoka nje kupima kwa hatua, tukamaliza ua mzima tukaishia barabarani. Hapo ndipo akawaeleza Munich 1972: Akii-Bua, kijana wa Lango, askari polisi, amepangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa ambayo kona zake ni kali. Akashinda kwa sekunde 47.82, akavunja rekodi ya dunia ya 48.12 aliyoiweka Mwingereza David Hemery kule Mexico 1968. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki. Ya pili tuliingoja miaka 40, mpaka Stephen Kiprotich alipoileta kwa marathoni ya London 2012.

Tuliporudi ndani, yule mtoto aliyezibeba juzuu alifungua ile ya herufi A. Akageuza kurasa mbele, akazirudia nyuma, akainua uso: "Mzee, hayumo." Kweli hayumo. Vile vitabu ni vya msaada, vilichapishwa Uingereza kabla ya 1972.

Tangu siku ile neno hilo halijanitoka. Ingieni maktaba yoyote ya mji wetu au wa jirani, mtaona viti vimejaa watu waliokuja na madaftari yao wenyewe kutafuta meza na mwanga. Rafu ziko nyuma yao, hakuna anayegeuka. Ageukie nini? Akii-Bua alifariki 1997, ana miaka 47. Wenzake waliokimbia, waliopigana ngumi, waliocheza mpira kwa timu za polisi, magereza na jeshi, wanazeeka vijijini na hadithi zao ziko vichwani tu. Kwa hiyo sitaki mazungumzo ya Jumamosi yaishie kwenye makofi. Kila mgeni arekodiwe, maneno yake yaandikwe kwa Kiswahili na kwa lugha yake ya nyumbani, yachapwe kijitabu chembamba, kiwekwe kwenye ile rafu. Nakala iende Maktaba ya Taifa, ambayo kwa sheria ya 2003 ndiyo inayopokea na kutunza nakala za vitabu vinavyochapishwa nchini. Maktaba ina kazi ya kukusanya. Hakuna uwanja wa mpira unaofanya kazi hiyo.

Neno moja kuhusu pesa. Tangu sheria ya serikali za mitaa ya 1997, maktaba za umma ziko chini ya wilaya na miji, zinagombea fungu moja na barabara na zahanati. Wafadhili wa kwanza kubisha hodi watakuwa kampuni za kubeti. Wasifunguliwe mlango. Sheria ya 2016 inakataza aliye chini ya miaka 25 kubeti. Bango lao litaning'iniaje juu ya vichwa vya watoto wa miaka kumi?

Mzazi wa mtahiniwa

Kaka, umeandika kwa moyo, lakini nadhani huna mtahiniwa nyumbani. Mimi ninaye. Binti yangu yuko kidato cha nne, sisi ni watu saba ndani ya vyumba viwili, na umeme ukikatika jioni hatujui utarudi saa ngapi. Jumamosi ndiyo siku yake pekee ya kukaa kwenye meza isiyotikisika. Wiki mbili zilizopita alirudi saa nane analia. Bondia alikuwa anaonyesha jinsi ya kukwepa, watoto wanapiga kelele, yeye yuko kona na hesabu zake.

Michezo ina viwanja vikubwa vya Namboole na Lugogo, ina kiwanja katika karibu kila shule. Binti yangu ana maktaba moja.

Na hili la vitabu, nilikaa pale makusudi siku ya bondia nikahesabu. Baada ya glavu kufungwa mfukoni, walioazima kitabu walikuwa wawili. Wawili, kaka.

Kocha wa netiboli

Shikamoo mzee. Kilio cha binti yako nimekisikia, na mimi nimewafundisha wengi wa aina yake. Ila nyinyi wawili mnabishana na hamjaona kwamba kwenye ratiba iliyobandikwa mlangoni hakuna mwanamke hata mmoja. Nimeisoma mara mbili.

Dorcus Inzikuru wa Arua alishinda mbio za mita 3000 za viunzi na maji kule Helsinki 2005, mara ya kwanza wanawake kukimbia mbio hizo katika mashindano ya dunia. Peruth Chemutai wa Bukwo, hapa hapa mashariki kwetu, akachukua dhahabu ya mbio hizo hizo Tokyo 2021, mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata medali ya Olimpiki. She Cranes, timu yetu ya taifa ya netiboli, walimaliza nafasi ya tano duniani Cape Town 2023. Nipeni dakika ishirini na mpira mmoja. Pete ya goli iko mita 3.05 juu, ina upana wa sentimita 38, mpira una 22. Nitawauliza wasichana: mpira ukija umelala utapita? Ukija kutoka juu je? Hiyo ni hesabu, mzee, na binti yako ataijibu kabla ya wote.

Mwenye mada

Dada, umenishika. Ratiba niliisoma na sikuliona hilo. Nitakwenda Jumatatu kwa mkutubi, na naomba twende pamoja, maana ukilisema wewe litasikika zaidi.

Mzee, kuhusu binti yako sina la kubishana. Uko sawa. Mitihani ya kitaifa inaanza Oktoba, na muhula wa tatu mzima mtahiniwa ana haki ya kimya kuliko mtu yeyote. Napendekeza vipindi vifanyike wakati wa likizo tu, Mei, Agosti na Januari, na kila chenye kuruka au kupiga kifanyike nje, chini ya mwembe. Ndani yabaki mazungumzo yenyewe, na mweso. Mashimo 32, kete 64, watu wawili wameinamisha vichwa: sijui mchezo ambao ungemsumbua msomaji kidogo kuliko huo, na unafundisha kuhesabu mbele kuliko vitabu vingi nilivyosomeshwa.

Lakini kuhamishia yote viwanjani, hapana. Uwanjani anaitwa mtoto ambaye tayari ana mbio. Yule mnene, yule anayechechemea, yule asiye na viatu, anabaki nje ya kamba. Maktabani hakuna anayechaguliwa wala anayelipa. Nilimwona mtoto mwenye gongo siku ile ya viunzi. Ndiye aliyeshika futikamba kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Na wale wawili walioazima. Nakubali idadi yako, mzee, ila nakuuliza: hao wengine wangeazima kitabu gani? Kuhusu ngumi, rafuni hakuna kitu. Nilitafuta chochote juu ya Eridadi Mukwanga na Leo Rwabwogo, mabondia walioleta medali za kwanza kabisa za Olimpiki za nchi hii, fedha na shaba, Mexico 1968. Sikupata hata ukurasa. 2027 Kombe la Mataifa ya Afrika linachezwa hapa, Kenya na Tanzania. Mtoto atauliza timu yetu iliwahi kufika wapi. Fainali ya 1978 tuliyofungwa na Ghana 2–0, ataisomea wapi katika mji huu? Mtoto ametoka kwenye glavu akiwa na hamu, akageukia rafu, rafu haina kitu. Mimi nisingemhesabia kosa yeye.

Mzazi wa mtahiniwa

Likizo na mwembe, hayo nayapokea. Yaandikwe ubaoni na mkutubi aweke sahihi, maana ahadi za mdomo tumezizoea. Jumamosi za muhula bado nakataa, na nikiona glavu Septemba narudi kwa diwani.

Dada kocha, binti amesoma ulichoandika. Anasema mpira ukija umelala unaiona pete kama ufa.

Kuhusu kuandika. Ami yangu alipigana ngumi jeshini miaka ya 70. Yuko Bugembe, masikio yamefifia, lakini ukikaa upande wake wa kulia anakusikia. Atakayekwenda na daftari aende asubuhi. Mchana huwa amelala.