Ghorofa tumepata, mwalimu wa fizikia yuko wapi?

MamaKidato3: Assalamu alaykum wakubwa. Huku kwetu Pemba tumejengewa skuli ya ghorofa, maabara ina masinki yanang'aa. Lakini daftari la fizikia la mwanangu limeandikwa kurasa nne tu, tarehe ya mwisho kabla ya Ramadhani. Mwalimu kahamia Unguja, mbadala hajaja. Kwani pesa za ghorofa haziwezi kuajiri?

Mstaafu: Waalaykumu salaam mwanangu. Mafungu mawili hayo. Jengo ni fungu la maendeleo, mara nyingi mkopo au msaada. Hata zile pesa za mkopo wa UVIKO-19 zilijenga madarasa. Mshahara ni fungu jingine, unalipwa kila mwezi mpaka mtu astaafu, hautegemei mkopo wa mradi. Zamani tukisimamisha boma wenyewe mpaka linta, serikali inaezeka. Na mwalimu alikuwepo tayari, anasomesha chini ya mwembe!

Ticha wa Mjini: Nyumba ya mwalimu je? Mgeni akifika hapo analala wapi?

MamaKidato3: Ipo, ya tangu zamani. Wapangaji wake popo. Kamati ya skuli ishamwandikia afisa elimu wilaya, tunangoja.

Mstaafu: Msingoje. Mfuateni ofisini, na nakala ya barua mkononi.