Mwanangu anaumwa kiuno kwa ajili ya mpira: je, nimpeleke kwa mnyoosha mgongo?

Mzazi wa Chikongola
Ndugu zangu, habari za majukumu. Naomba ushauri wenu. Mwanangu ana miaka 16, anasoma sekondari hapa Mtwara mjini, na katika timu ya shule ndiye anayerusha ile mipira mirefu ya pembeni inayofika mpaka mbele ya goli. Hii ni wiki ya 5 analalamika maumivu ya kiuno upande wa kulia, ingawa hakuanguka wala kugongwa na mtu. Kinachonishangaza ni kwamba akiinama kufunga kamba za viatu haumii, lakini akijinyoosha kuanika nguo kwenye kamba, au akijipinda nyuma kurusha mpira, hushika kiuno na kunyamaza. Akipumzika siku 3 hupata nafuu, na akirudi uwanjani maumivu nayo hurudi.

Mzee mmoja jirani amemchua mara mbili kwa mafuta ya nazi bila mafanikio. Sasa kocha ameniambia kuna mtaalamu wa kairopraktiki kutoka Dar es Salaam atakayepita hapa mwezi ujao, ambaye hunyoosha mgongo kwa mikono mpaka mlio usikike, na kwamba vikao 6 vitamrejesha kijana kabla ya UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Je, tiba hiyo inamfaa?

Mama Nachingwea
Pole sana, ndugu yangu. Mimi nilinyooshwa mgongo nilipokuwa naishi Dar es Salaam, na maumivu yangu ya kiuno yalipungua kweli. Hata hivyo nilikuwa mtu mzima wa miaka 41, na nilikuwa nimeshapimwa hospitali kwanza.

Fizio wa Kusini
Mzazi mwenzangu, nakusihi usimpeleke kijana kunyooshwa kabla hajapimwa. Kairopraktiki ni fani inayojulikana. Ilianzishwa na Daniel David Palmer huko Davenport, Marekani, mwaka 1895, na kwa maumivu ya kawaida ya kiuno kwa watu wazima huweza kuleta nafuu ya kiasi, inayokaribiana na ile ya mazoezi ya tiba. Ule mlio usikutie moyo kupita kiasi, kwani ni hewa iliyomo kwenye ute wa kiungo, wala si mfupa unaorudi mahali pake.

Kinachonitia hofu ni maelezo yako mwenyewe. Kijana anayekua, anayejipinda nyuma mara nyingi, ambaye haumii akiinama bali akijinyoosha, huenda amepata ufa katika pingili ya chini ya uti wa mgongo. Ufa huo hauji kwa pigo moja. Huja kama ule wa mpini wa jembe, kwa kulimia siku baada ya siku. Pingili yenye ufa haipaswi kusukumwa kwa nguvu na mtu yeyote, awe mtaalamu wa kairopraktiki au mzee wa kuchua. Anza hospitali ya Ligula, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo, na umweleze daktari habari ya kuanika nguo kama ulivyotueleza sisi, kwa sababu eksirei ya kawaida huweza isiuonyeshe ufa mpya, na daktari akiwa na shaka ataagiza CT au MRI, vipimo vya picha vinavyoonyesha zaidi. Akipata ganzi mapajani kwa ndani, mguu ukilegea, au akishindwa kuzuia mkojo, mpeleke siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Mwalimu wa Michezo, Lindi
Naunga mkono. Naongeza tu kwamba asirushe mpira hata mmoja kuanzia leo, hata akisema amepona. Nimewahi kuona kijana wangu akificha maumivu ili asipoteze namba.

Mzazi wa Chikongola
Nashukuru sana. Ikithibitika ni ufa, ndiyo basi tena na mpira?

Fizio wa Kusini
Hapana. Wengi hurudi. Mara nyingi hupumzishwa michezo kwa takribani miezi 3, kisha huimarishwa misuli ya tumbo, mgongo na makalio, na kurejea uwanjani taratibu. UMISSETA ya mwaka huu ndiyo huenda ikampita.

Mzazi wa Chikongola
Nimeongea naye jioni hii. Amelia kidogo, kisha akaniambia maumivu yalianza zamani kuliko alivyokuwa amenieleza. Jumatatu asubuhi tunakwenda Ligula, na kocha nimeshampigia simu.