Nani aliwaambia mguu wa Pembe za Mombasa ni ubao wa matangazo???

Jamani leo naandika nikiwa na hasira kwa hivyo makosa ya tahajia mtanivumilia.

Jumamosi nimewapeleka wapwa zangu wawili pale Mapembeni, kwenye zile pembe kubwa zinazopita juu ya barabara ya Moi Avenue, wamekuja likizo kutoka Nakuru na tangu washuke kwenye basi ni mjomba twende kwenye pembe, mjomba lini tutaenda kwenye pembe. Haya tukaenda. Saa nne asubuhi jua lishaanza kuchoma, tukasimama upande wa bustani ya Uhuru Gardens, mdogo akaniuliza mjomba, hizi ni za ndovu wa kweli? Nikamwambia la mamangu, hilo ni bati la alumini, ndovu wa pembe kama hizo angeinama kunywa maji hapo Likoni feri ikabaki kwenye tope. Akacheka mpaka akashika tumbo. Natoa simu nawapanga niwapige picha, naangalia kwenye kioo, nyuma yao namuona kijana na ndoo.

Ndoo ya gundi. Ile ya unga wa ngano, uji mzito, brashi pana. Anapaka uji kwenye mguu wa pembe, anabandika karatasi, anapangusa kwa kiganja juu mpaka chini kama mtu anayepiga pasi shati la Idi, anasogea hatua moja, anabandika nyingine. Tangazo lenyewe la mganga! Anarudisha mpenzi aliyepotea, anarudisha mali iliyoibwa, biashara kufunguka, na namba ya simu. Wallahi kama anaweza kurudisha vitu si angeanza na rangi ya hizo pembe.

Nikamwambia we kijana, nani amekuruhusu kubandika hapo? Akanijibu kwa adabu kabisa, "Ami, mimi nimetumwa tu, nalipwa kwa karatasi." Sasa huyo utamfanya nini, ana njaa zake. Kilichonichoma ni watu waliokuwa wamepumzika pale kivulini. Mzee mzima ananiambia mwache kijana atafute riziki, kwani hizo pembe ni za babako?

Ndio. Ni za babangu. Babangu alikuwa akipita chini yake kwa baiskeli kila alfajiri kwenda bandarini wakati barabara hiyo bado ikiitwa Kilindini Road, kabla haijawa Moi Avenue. Na ni za baba yako pia mzee, ila wewe umeamua kuzikana.

Haya, tuko kwenye hiyo shughuli anapita jamaa na watalii watatu, anawaongoza, kofia na kila kitu, anawaambia kwa sauti ya kujiamini kwamba pembe hizi alipita Malkia Elizabeth chini yake mwaka 1952. Watalii wanaitikia kwa kichwa, wanapiga picha. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia ndugu yangu, 1952 huyo mama hakufika Mombasa! Akaniangalia kama vile nimemtukana mkewe.

Na nyinyi humu ndani najua wengi mnasema hivyo hivyo, kwa hivyo sikilizeni. Februari 1952 Elizabeth alikuwa Kenya, bado ni binti mfalme, na mpango ulikuwa ashuke Mombasa apande meli ya Gothic aendelee na safari mpaka Ceylon (Sri Lanka ya leo) na Australia. Mji ukajipamba, zikasimamishwa pembe za kwanza, za muda tu, si hizi mnazoziona. Meli inangoja Mombasa. Yeye yuko bara huko Nyeri, kalala Treetops, hoteli ya juu ya mti, anatazama wanyama, usiku ule babake akafariki kule Uingereza, tarehe 6. Habari zikamkuta Sagana, jioni ile ile akapanda ndege Nanyuki kwenda Entebbe na kutoka hapo akarudi kwao. Pwani hakukanyaga. Yaani mji ulimtandikia mgeni jamvi, mgeni akageuzia njiani! Hicho ni kisa kitamu mara kumi kuliko huo uongo wa kwamba alipita, sasa kwa nini tunawauzia watalii kisa kibaya wakati kizuri tunacho?

Hizi za alumini ni za 1956, alipokuja mdogo wake, Margaret, huyu kweli alifika. Wakazifanya jozi mbili, moja kila upande wa barabara, na ukisimama mbali ukaziangalia zote nne pamoja unaona M. Mombasa. Wengine wataapa M ni ya Margaret, hilo tuwaachie wabishi wa barazani, mie babangu alikuwa akisema ni M ya "mtapita tu hamtaangalia".

Sasa turudi kwenye gundi, maana kuna atakayesema ni karatasi tu itabanduka. Babangu baadaye aliacha bandari akawa fundi wa bodi za magari na mie nimekulia gereji, bati nalijua. Alumini haifanyi kutu nyekundu kama chuma, ndio maana watu wanadhani haiozi. Inaoza! Ukiishi mji wa chumvi kama wetu utaona, rangi inavimba kipele kidogo, ukikipasua kwa kucha ndani mna unga mweupe kama chokaa. Hiyo ndiyo kutu yake. Na popote alumini ilipogusana na chuma, bolti au nati, na unyevu wa bahari ukaingia katikati, alumini ndiyo inaliwa, chuma kinabaki kinakutazama. Fundi anayejijua anaweka mpira au plastiki katikati visigusane. Sasa wewe unabandika karatasi na uji wa unga, karatasi inashika maji ya mvua na jasho la bahari, inakaa mbichi pale wiki mbili, mwingine anakuja anabandika juu yake. Niliibandua moja kwa kucha Jumamosi, ikatoka nene kama chapati ya maji, na rangi ikatoka nayo. Chini nikaona rangi ya zamani, chini yake nyingine, na vile vipele. Yaani hata waliopaka mara ya mwisho, na sitaki kujua ni nani, hawakukwaruza kitu, walipaka juu ya uchafu wakaondoka na ngazi yao. Kazi ya kupokea hela hiyo.

Na kuna nyinyi mtakaokuja hapa chini na "hizo ni za mkoloni zing'olewe tu". Nawajua. Haya, Fort Jesus ilijengwa na nani, nyanya yako? Mreno ameanza kuijenga 1593 na leo ndiyo tunaifagia kila siku kwa sababu imeandikwa UNESCO. Mie sipiganii Margaret, hata sura yake siikumbuki. Napigania kile kitu ambacho ukimwambia mtu wa tuktuk "nishushe Mapembeni" hakuulizi mara mbili. Maharusi wangapi wamepigia picha pale? Nchi hii imechoma pembe za kweli, tani 12 mwaka 1989, tani 105 mwaka 2016, dunia nzima ikatazama ikatupigia makofi, na hizi za bati ambazo hakuna ndovu hata mmoja aliyekufa kwa ajili yake tunaziachia waganga.

Ninachotaka si kikubwa. Kukwaruzwa mpaka kwenye bati, praima ya alumini, yaani ile rangi ya chini ya kushikisha (SI ile ya chuma jamani, haishiki), halafu rangi. Na kibao cha maneno machache chenye kisa cha 1952 kama kilivyokuwa. Mwenye picha za zamani za Kilindini Road kwenye albamu ya nyumbani aweke hapa tuzione, hasa zile za pembe za kwanza, sijawahi kuona hata moja kwa macho yangu.

Wapwa zangu hawakupata picha. Yule mdogo ananiuliza njia nzima mjomba, mganga ni nani.

Na wewe kijana wa ndoo, kama uko humu, brashi yako ninayo, uliiacha kwenye nyasi ulipokuwa unanikimbia. Njoo uichukue, ila utakuja na msasa.