Mafundi wa "swichi janja" Kigoma, waya wa ethi SIO nyutro! Mtatuulia watu majumbani

Wakuu, poleni na majukumu. Leo sina utani. Kuna mchezo unachezwa na baadhi ya mafundi hapa Kigoma mjini, kuanzia Mwanga mpaka Ujiji, kwa kila mwenye nyumba anayetaka taa za kuwasha kwa simu, na mchezo wenyewe ni wa kuua. Nitaandika kirefu. Mvivu wa kusoma apite kushoto.

Swichi janja yenyewe sina ugomvi nayo. Ni kidude kinachokaa nyuma ya swichi ya kawaida, ndani ya boksi la ukutani, kina rilei (swichi inayojiwasha kwa amri ya umeme) ya kuwasha taa na kompyuta ndogo ya kunasa waifai. Kidude hicho kinakula umeme saa 24, hata taa ikiwa imezimwa, maana muda wote kinasubiri amri ya simu yako. Na ili kipate huo umeme, kinataka laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha). Mgogoro unaanzia hapo. Nyumba zetu nyingi zimefungwa waya kwa ule mtindo tulioachiwa na Waingereza: nyutro inaishia juu darini kwenye taa, kinachoshuka kwenye swichi ni laivu tu, inaenda na kurudi. Ule waya mweusi unaouona kwenye boksi la swichi mara nyingi si nyutro, ni laivu inayorudi kwenye taa.

Fundi wa kweli anakwambia mapema: mama, hapa itabidi nivute nyutro, paipu ikigoma tutatindua ukuta, na hela itaongezeka. Kishoka hasemi kitu. Anaona waya wa kijani na njano, yaani wa ethi, ule wa usalama unaoenda ardhini, umekaa mle bila kazi, anaufunga kwenye upande wa nyutro wa kidude, kinawaka, anakupa programu kwenye simu, unafurahi, anachukua hela yake anaondoka. Ukiwa mwenye nyumba mwanamke ndiyo kabisa, hata kukueleza hana muda.

Kwangu, baada ya kufungiwa swichi hizo nyumba nzima, dalili ilianzia jikoni. Binti anayenisaidia kazi akawa analalamika kwamba friji linampiga shoti akilishika akiwa pekupeku, hasa akishadeki. Nikamtumia meseji fundi aliyezifunga. Jibu lake, nanukuu: "Mama, huo ni umeme wa kawaida wa friji, mwambie avae ndala."

NDALA! Mtoto wa watu anapigwa shoti kwenye nyumba yangu, fundi ananiandikia dawa ya ndala.

Nikatafuta mzee mmoja, fundi wa siku nyingi, wa tangu enzi zile umeme wa Kigoma ni wa majenereta ya dizeli. Friji hakuligusa. Alienda moja kwa moja kwenye bodi ya braka, akafungua, akaguna. "Mwanangu, hiki kifaa cha kukulinda wamekiruka." RCD yangu ipo, inang'aa, nililipia mwenyewe wakati wa kujenga, lakini kuna vipande viwili vya waya vimepita pembeni yake, umeme unaingia ndani bila kuipitia.

Asiyejua RCD inafanya nini: inalinganisha umeme unaotoka kwa laivu na unaorudi kwa nyutro. Tofauti ikifika kiwango chake, kwa majumbani kwa kawaida miliampia 30, inakata, kwa sababu umeme ambao haujarudi unapita mahali pengine, na mahali pengine panaweza kuwa mwili wa mtu. Sasa ukifunga swichi za nyumba nzima zinazorudisha umeme kwa waya wa ethi, RCD inaona kila kidude kama uvujaji. Kimoja kinakula kidogo, vikijumlika inakata. Na ilikuwa inakata kweli siku anafunga, tulikaa giza mara kibao. Baadaye ikatulia, nikaambiwa "nimerekebisha mama". Kumbe marekebisho ni kumziba mdomo mlinzi. Kifaa kinapiga kelele kwamba kazi imefungwa vibaya, yeye anakinyamazisha badala ya kuitoa kazi yake mbovu.

Mzee akatoka nje kwenye fimbo ya ethi. Klampu imelegea, ina kutu, waya umekaa tu juu. Kwa hiyo ethi ya nyumba yangu ilikuwa haifiki ardhini vizuri, huku vidude ukutani vinaendelea kumwaga umeme humo humo. Umeme ukikosa njia unapanda kwenye kila chuma kilichofungwa ethi: bodi ya friji, birika, mashine ya kufulia. Binti akishika friji, miguu iko kwenye sakafu mbichi, anakuwa yeye ndiyo fimbo ya ethi. Waya uliowekwa kumwokoa ndio unaompelekea shoti. Mnaelewa kwa nini nina hasira?

Ikaja zamu ya kufungua ukuta. Akazima mein swichi, akapima kwanza kuhakikisha hakuna kitu, ndipo akavuta swichi ya sebuleni. Kilichotoka ni chaja ya simu. Chaja ya bei ya chee, imevuliwa ganda, imezungushiwa tepu nyeusi, imeunganishwa na kile kibao cha waifai. Tepu imeshaloa gundi kwa joto, imeteleza upande mmoja, mguu wa kapasita (kipande cha kuhifadhi umeme) unachungulia, na kati yake na skrubu ya kava ungepita ukucha tu. Skrubu ile ile tunayoishika tukipangusa vumbi! Mzee akanionyesha na kibao chenyewe: upande wa volti 230 na upande wa volti 5 vinatakiwa viachane milimita 6 hivi, kwenye vifaa vizuri wanakata hadi mfereji katikati. Pale hapakufika hata milimita 2.

Fyuzi? Hakuna. Na hapa kuna watu wanajidanganya, eti braka itakata. Braka ya taa ni ampia 6 au 10. Chaja ikiharibika ikaanza kuvuta ampia 3, braka inaona ni mzigo wa kawaida kabisa. Piga hesabu: 3 mara 230 ni wati 690. Ni kama umewasha pasi ndogo ukaizika kwenye plasta ukaenda kulala. Fyuzi ya ampia 1 ingekatika, nayo bei yake ni ya andazi. Chaja imetengenezwa ikae hewani kwenye soketi, uione, uishike ikiwa ya moto uichomoe. Ukutani nani anaichomoa?

NYONGEZA: Naona kuna mchangiaji anasema "volti 5 haiui, acha kutisha watu". Mkuu, inategemea hiyo 5 imepatikanaje. Kuna vibao vya bei rahisi havina transfoma kabisa, vinapunguza umeme kwa kapasita na vidayodi vichache. Ukipima kati ya waya zake mbili unaona 5 kweli. Ukipima kati ya waya wake mmoja na ardhi unaweza kukuta 230 nzima. Hakuna kizuizi kati yako na nguzo. Wanaochomeka kompyuta kwenye kibao cha namna hiyo kubadilisha programu huku kiko kwenye umeme ndio wanaounguza kompyuta, na wenye bahati wanaishia hapo. Na ile kapasita inatakiwa iwe ya aina ya X2, iliyotengenezwa kwa ajili ya kukaa kwenye umeme wa gridi muda wote, sio yoyote iliyochomolewa kwenye redio mbovu.

NYONGEZA 2, kwa mnaouliza mzee alishauri nini kwa nyumba isiyo na nyutro kwenye swichi. Njia ya kwanza, kidude kisikae ukutani, kikae juu darini pale taa ilipo, maana nyutro iko pale pale. Ya pili, ivutwe nyutro, ila ya sakiti ile ile ya taa. Msikubali "nitaazima hapo kwenye soketi", nyutro ya kuazima inaweza kuikatisha RCD, na siku umezima braka ya soketi unaweza kukuta waya unaodhani umekufa bado uko hai. Kuna pia swichi zisizohitaji nyutro, zinapitisha umeme kidogo kwenye taa yenyewe, lakini kwa taa za LED mnaweza kuona inapepesa usiku mpaka kifungwe kikapasita kwenye taa.

Kama kibao kinaundwa na fundi, chanzo cha umeme kiwe kile kilichofungwa kabisa chenye kizuizi cha kueleweka kati ya volti 230 na volti 5. HLK-PM01 kwa mfano inatoa volti 5, miliampia 600, na kizuizi chake kimepimwa kwa volti 3000, mradi iwe halisi. Mbele yake fyuzi, halafu varista ya kupokea mshtuko wa radi, kwa mpangilio huo huo, maana varista ikichoka inaweza kushika shoti na kuwaka. Kwa radi za msimu wa mvua huku kwetu itachoka tu. Na hita ya kuogea ya wati 5,500 inavuta karibu ampia 24, msimruhusu mtu aiweke kwenye swichi ya rilei ya ampia 10. Huyu wangu alikuwa ameshaitolea bei!

Sasa kali kuliko zote: jana jioni amenitumia meseji anadai salio lake la kazi. Nimemjibu halilipwi mpaka aje ang'oe kila alichozika kwenye kuta zangu na kurudisha RCD kazini, mbele ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Nikamwomba namba ya leseni yake, kimya mpaka sasa. Wenye uzoefu wa kupeleka malalamiko ya hivi EWURA mnielekeze naanzia wapi. Picha za kila boksi ninazo na meseji ya ndala sijaifuta.