Re: Waliowahi kuhiji, nijiandae vipi hasa?

Assalaam alaykum ndugu zangu,

Mwaka huu nimejaliwa nafasi ya Hija. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo tayari, likizo kazini imekubaliwa. Ila moyoni naona kama napanga safari ya kawaida tu. Mliotangulia, kujiandaa hasa ni kufanya nini?

---

Waalaykum salaam mdogo wangu,

Hongera, umeitwa. Nianze na la ndege, maana ndilo linalotuponza sisi tunaotoka mbali. Kama mnakwenda Makka moja kwa moja, mtavuka mikati, ule mpaka wa kuanzia ibada, mkiwa angani, na hapo lazima uwe umeshatia nia ya ihramu, yaani kuingia katika Hija. Mume wangu shuka zake mbili za ihramu alizifunga kwenye sanduku lililokwenda chini ya ndege! Tulipotangaziwa kwamba mikati imekaribia, yeye bado yumo ndani ya suruali. Mzee wa kiti cha nyuma akatoa taulo mbili kubwa kwenye mkoba, akamwambia, "Hizi hapa, nenda kajifunge." Basi shuka uwe nazo mkononi. Mkianzia Madina mambo ni mepesi, mtahirimia Dhul-Hulayfa, mikati ya huko, nchi kavu.

Sasa ulilouliza. Lipa madeni. Andika wasia. Halafu lile gumu: mtafute uliyegombana naye umwombe radhi. Mimi niliahirisha hilo mpaka wiki ya mwisho, nikaona bora kujaza fomu ishirini kuliko kupiga simu moja.

Hija yenyewe ni siku tano au sita, tarehe 8 hadi 12 au 13 Mfunguo Tatu. Tawafu (kuizunguka Al-Kaaba) na kusai (kwenda na kurudi kati ya Safa na Marwa) utafundishwa, usihangaike sana. Kitakachokupima ni foleni ya choo kwenye mahema ya Mina. Sifanyi mzaha. Qur'ani (2:197) imekataza mabishano katika Hija, na aya hiyo niliihifadhi tangu utotoni bila kujua uzito wake, mpaka mama mmoja aliponipita kwenye mstari saa tisa usiku na miguu yangu imevimba. Maneno yalishafika kwenye ulimi. Nikayameza. Aya hiyohiyo inasema masurufu bora ni ucha Mungu, na mimi nilikuwa nimebeba biskuti.

Arafa, tarehe 9, nilikwenda na dua kurasa nne. Mtume (S.A.W.) alisema Hija ni Arafa, nikadhani kuna shughuli kubwa pale. Hakuna. Unasimama na Mola wako mpaka jua lizame. Ukurasa wa kwanza sikuumaliza, nikabaki nalia na kutaja majina ya watu. Usiku ule Muzdalifa tulilala chini kwenye changarawe, wote sare, hujui nani bosi nani dereva, kila mmoja anapapasa gizani kutafuta vijiwe vya kurushia nguzo za Mina. Huku ugenini nimezoea kuulizwa karatasi kabla ya jina. Pale hakuna aliyeniuliza chochote.

Sabuni na mafuta viwe visivyo na manukato. Na viatu uvizoee kabla ya safari, tafadhali.

Dada yako

---

Shukran sana dada. Shuka nimeshazihamishia kwenye mkoba wa mkononi. Na yupo mtu hatujasemezana miaka mitatu, nimempigia leo. Hajapokea. Nitajaribu tena kesho baada ya Alfajiri.