MREJESHO: Pesa za meza ya programu huria zimepatikana

Wakuu, niliwauliza tutagharamiaje meza ya kutangaza programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaweza kuzitumia na kuzinakili bure, kama Debian (mfumo wa kuendeshea kompyuta) na LibreOffice (programu za kazi za ofisi), kwenye siku ya teknolojia mtaani, huku Eastlands, Nairobi, bila kuwakamua wanaojitolea. Asanteni, mlinifaa sana.

Aliyesema tuombe kibali kabla ya kutumia pesa alisema kweli. Kwa Debian, kwa mfano, kiongozi wa mradi ndiye huidhinisha matumizi, kisha ukishalipa unarudishiwa. Ugumu uko hapo: mwanafunzi atatoa wapi pesa za kutanguliza? Chama chetu kilitukopesha za kuchapisha vipeperushi River Road.

Nauli ndiyo ilitusumbua. Matatu haitoi risiti. Tukakubaliana kila mtu alipe kwa M-Pesa na ahifadhi ujumbe, mweka hazina akajaza jedwali: nani, kutoka wapi, shilingi ngapi. Wafadhili wetu wakakubali.

Na kazi ilionekana. Mama mmoja alileta hesabu za chama chake kwenye flashi, zimeandikwa kwa Excel. Tukazifungua kwa LibreOffice Calc, jumla zote zikatoka vilevile. Aliuliza tena na tena kama kweli hailipiwi, kisha akaondoka nayo kwenye flashi ileile. Kwa huyo mmoja tu, nauli za vijana zimerudi.

Ila wenye miradi, nawasihi: anayesimama mezani kutwa anahitaji kula. Bango hulipiwa bila maswali, chakula kinahojiwa. Safari hii tulichangishana githeri. Ombi lijalo nimeshaliandika, na chakula nimekiweka mstari wa kwanza.